PANGO LA BARAFU LA AMARNATH
Wahindu wanavyopanda mlima kuomba, na mafundisho tunayopata



Hapa Kasenga kila mtu anajua habari ya kupanda mlimani kuomba. Wakati wa likizo vijana wanashika njia ya milima ya Mitumba, wengine na Biblia tu mkononi, wengine wamefunga kula tangu jana. Wanakesha huko, wanashuka asubuhi. Si sisi peke yetu tunaofanya vile. Watu wa dini nyingi duniani wanapenda mlima kwa ajili ya maombi. Leo tunaeleza juu ya mahali pamoja pa Wahindu, ni pango la Amarnath, katika nchi ya India.

Tumechagua pango hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni vizuri mwanafunzi ajue watu wengine wanaamini nini, asiseme kwa kusikia tu. Ya pili, watu wa Amarnath wamejifunza kwa uchungu namna ya kupeleka watu wengi mlimani na kuwarudisha wazima. Jambo hilo linatuhusu sisi kabisa.

1. Mhindi na Mhindu si neno moja

Wengi wetu tunachanganya maneno haya. Mhindi ni mtu wa asili ya India, dini yake iwe yoyote. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi walikuja Afrika ya Mashariki kutengeneza reli ya kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Wengine walikuja kwa biashara, na maduka yao yakafika mpaka Kigoma na Bujumbura, hapo ng'ambo ya ziwa letu. Kati yao iko Waislamu, iko Wahindu, iko Masingasinga, iko na Wakristo. Basi ukiona Mhindi dukani, usiseme haraka: huyu anaabudu sanamu. Pengine ni Mwislamu anayeswali mara tano kwa siku. Pengine ni Mkristo kama wewe.

Wahindu wana mahekalu mjini, kama yale ya mtaa wa Kisutu kule Dar es Salaam. Lakini kwao India wana pia mahekalu ndani ya mapango. Mengine ni mapango yaliyochongwa na watu katika mwamba, kama yale ya kisiwa cha Elephanta karibu na mji wa Mumbai. Mengine ni mapango ya asili. Wahindu waliohamia nchi zingine walichukua desturi hiyo pamoja nao: kule Malaysia iko mapango ya Batu, ambako mtu anapanda ngazi 272 kabla ya kuingia. Lakini ngazi 272 ni mchezo ukilinganisha na Amarnath.

2. Pango lenyewe, na barafu inayosimama

Amarnath iko katika milima ya Himalaya, upande wa Kashmir, kaskazini kabisa ya India. Pango liko mita 3,888 juu ya usawa wa bahari. Tulinganishe ili tuelewe. Ziwa letu Tanganyika liko karibu mita 773. Mlima Mohi, ule mrefu wa Itombwe, unafika karibu mita 3,475. Maana yake ukisimama juu kabisa ya Mohi, pango lile lingekuwa bado juu yako kwa mita 400 na zaidi.

Sehemu kubwa ya mwaka njia yote imefunikwa na theluji, hakuna mtu anaweza kupita. Inafunguliwa wakati wa kiangazi chao tu, katika mwezi wa 7 na wa 8, na safari inamalizika kwa sikukuu ya mwezi mpevu.

Ndani ya pango kuna nini? Hakuna sanamu iliyochongwa na fundi. Kuna nguzo ya barafu inayosimama chini, nyeupe, na miaka mingine inapita kimo cha mtu. Wale waliosoma fizike wataelewa kwa urahisi namna inavyofanyika. Theluji ya juu ya mlima inayeyuka, maji yanapenya katika nyufa za mwamba, yanadondoka tone kwa tone kutoka dari ya pango. Sakafu ya pango ina baridi kali, basi kila tone likianguka linaganda. Tone la pili linaganda juu ya la kwanza, na la tatu juu ya la pili. Hivyo barafu inakua kutoka chini kwenda juu. Ndivyo yanavyofanyika pia yale mawe yanayosimama katika mapango ya chokaa, ila mawe yanachukua maelfu ya miaka, na barafu inachukua wiki chache tu. Kiangazi kikiendelea, joto likipanda, nguzo inapungua. Miaka mingine imeyeyuka kabisa kabla safari haijaisha, na waliochelewa wamefika wakakuta maji tu.

3. Wahindu wanasema nini juu yake

Hapa tunaeleza imani yao kama wanavyoieleza wenyewe. Wahindu wanasema nguzo ile ni alama ya Shiva, mmoja wa miungu wakubwa katika dini yao. Alama ya namna hiyo wanaiita linga. Ukimwuliza Mhindu aliyesoma, atakuambia haabudu barafu kama barafu. Atasema Mungu hana umbo, na kitu kisicho na uso wala mikono ndicho kinafaa kumkumbusha hilo. Pembeni kuna barafu zingine ndogo, wanasema ni alama ya Parvati, mke wa Shiva, na ya Ganesha, mtoto wao mwenye kichwa cha tembo.

Hadithi yao ni hii. Parvati alimwuliza Shiva siri ya kutokufa. Shiva akatafuta mahali ambapo hakuna kiumbe cha kusikia. Njiani akaacha kila kitu chake: akamwacha ng'ombe dume wake Nandi pale Pahalgam, akaacha mwezi wa kichwani pake pale Chandanwari, akaacha nyoka wa shingoni pake kwenye ziwa la Sheshnag, akamwacha hata mwanawe Ganesha katika mlima wa Mahagunas. Akaingia pangoni na mkewe tu, akamfunulia siri. Lakini njiwa wawili walikuwa wamejificha, wakasikia. Mpaka leo msafiri akiona njiwa wawili kule juu, anafurahi sana.

Iko pia hadithi ya mchungaji wa mifugo, Buta Malik, na huyu alikuwa Mwislamu. Watu wanasema karibu mwaka 1850 mtu mtakatifu alimpa mfuko wa makaa, kufika nyumbani akakuta ni dhahabu. Akarudi kushukuru, hakumwona yule mtu, akaona pango. Wasomi wanasema pango lilijulikana zamani kuliko wakati ule, maana vitabu vya Kashmir vya karne ya 12 vinataja mahali hapo. Lakini ukoo wa Malik ulipata sehemu ya sadaka za pango kwa miaka mingi, mpaka sheria ya mwaka 2000 ilipoweka halmashauri ya kuongoza mambo yote. Na hata sasa wengi wa wanaokodisha farasi kwa wasafiri, na wanaobeba wagonjwa na wazee, ni Waislamu wa Kashmir. Wanabeba kwa kipoyi, kile kiti cha kuchukuliwa mabegani ambacho wazee wetu wanakikumbuka wakati wa Wabelgiji.

4. Njia ya kwenda

Njia ziko mbili. Ya kwanza inaanzia mji mdogo wa Pahalgam. Gari linakufikisha Chandanwari, kilomita 16, halafu unabaki na kilomita karibu 32 za miguu. Siku ya kwanza unapanda mlima mkali wa Pissu, unalala Sheshnag, kwenye ziwa la maji ya kijani, karibu mita 3,600. Kesho yake unavuka Mahagunas, zaidi ya mita 4,200, ndipo unashuka Panchtarni kulala tena. Siku ya tatu zinabaki kilomita 6 kufika pangoni. Njia ya pili inatoka Baltal. Hiyo ni kilomita 14 tu, mtu mwenye nguvu anaweza kwenda na kurudi siku moja, lakini inapanda kwa ukali sana.

Mtu atasema: achukue ile fupi, imalizike. Kumbe hapana. Mwili unahitaji siku za kuzoea. Kule juu hewa ni nyepesi, ni karibu sehemu 6 kwa 10 za hewa ya pwani ya bahari. Hapa Uvira tuna sehemu 9 kwa 10. Mtu akipanda haraka anaumwa kichwa, anatapika, pumzi inakatika, usingizi unakimbia. Akilazimisha, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na atakufa. Dawa ya kwanza ni kumshusha chini mara moja, hata kama ni usiku. Na maji kule yanachemka kwenye digrii karibu 87, si 100, njo maana maharagwe yanakawia sana kuiva.

Kitu kimoja kinapendeza wote waliofika kule. Njiani kuna majiko ya bure. Watu wa kujitolea wanatoka miji ya mbali na magunia ya mchele na dengu, wanapika usiku na mchana, na kila msafiri anakula bila kulipa.

5. Miaka ya msiba

Zamani mtu alikuwa anaenda anavyotaka. Mwezi wa 8 mwaka 1996 watu wengi sana walikuwa njiani wakati mmoja. Ghafula mvua na theluji vikaanguka siku kadhaa. Wengi walikuwa na nguo nyepesi, na mahali pa kujikinga hapakutosha. Walikufa watu zaidi ya 240, wengine kwa baridi na kuchoka. Walikuwa watu wa kufunga na kuomba, watu waliotembea siku nyingi kwa sababu ya imani yao. Baridi haikuuliza imani ya mtu.

Tena Kashmir ni nchi yenye vita ya miaka mingi, na wasafiri wameuawa na watu wenye silaha, kama mwaka 2000 pale Pahalgam, na mwaka 2017 ndani ya basi. Mwaka 2020 na 2021 safari ilizuiwa kwa sababu ya Korona.

Mwaka 2022, tarehe 8 mwezi wa 7, saa za jioni, mvua kali ilianguka karibu na pango. Maji yakashuka kwa kishindo pamoja na mawe na matope, yakafagia mahema na majiko yaliyokuwa karibu na mkondo. Watu 15 hivi walikufa mara moja, na maelfu wakahamishwa usiku ule.

Sisi wa Uvira hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi za mji wetu, ukaua makumi ya watu. Mvua ilianguka milimani, na maji yakatukuta huku chini. Mto unaoonekana mdogo mchana, ambao mtoto anauvuka na viatu mkononi, usiku unaweza kubeba nyumba.

6. Masharti waliyoweka

Baada ya msiba wa 1996 serikali ya India iliweka kamati ya kuchunguza, ikiongozwa na Nitish Sengupta. Kutoka hapo safari ikapata utaratibu. Mtu anajiandikisha kwanza. Idadi ya watu kwa kila siku ina mpaka. Kila mmoja anapimwa na daktari, anapata cheti cha afya. Bila cheti hapandi. Mtoto chini ya miaka 13 haruhusiwi, wala mwanamke mwenye mimba ya zaidi ya wiki 6. Kwa miaka ya karibuni kila msafiri anavaa kadi yenye chombo kidogo cha redio, ili wajue yuko wapi.

Halmashauri ya pango inatoa pia mashauri mepesi ambayo kila mtu anaweza kuelewa:

– Anza mazoezi mwezi mmoja mbele, tembea kilomita 4 au 5 kila siku.
– Usiende peke yako, tembea na kundi.
– Weka mfukoni karatasi yenye jina lako na namba ya simu ya mwenzako wa safari.
– Vaa nguo ya baridi, beba koti la mvua, na nguo zako zifunge katika kitu kisichopitisha maji.
– Usitembee miguu mitupu, viatu visiwe vya kuteleza.
– Wanawake wasivae sari wakati wa kupanda, wavae suruali au nguo isiyofunga miguu.
– Usifuate njia za mkato. Usipumzike pale palipoandikwa hatari.
– Kunywa maji mengi, usinywe pombe, usivute sigara.
– Ukisikia dalili ya ugonjwa usiifiche, shuka.

Watu hawakupungua kwa sababu ya masharti. Mwaka 2024 walifika zaidi ya 500,000. Na mwaka 2025, mvua ilipoharibu njia, wakuu walifunga safari karibu wiki moja kabla ya siku yake. Wengine walilia kwa kukosa. Lakini walirudi kwao wazima.

7. Na sisi je?

Sisi Waprotestanti hatuamini kwamba Shiva ni Mungu, na hakuna haja ya kuficha neno hilo. Mtume Paulo pale Atene pia hakukubaliana na ibada aliyoiona. Lakini someni vizuri Matendo ya Mitume sura ya 17. Alitembea kwanza mjini, akaangalia vitu vyao vya ibada mmoja mmoja, akasoma hata maandishi ya madhabahu, halafu njo akafungua kinywa. Mtu anayesema Wahindu wanaabudu ng'ombe, na hajui zaidi, anashuhudia uongo juu ya jirani yake. Hiyo nayo ni dhambi, iko katika amri 10.

Sasa tuje kwenye maombi yetu ya mlimani. Kuna kaka na dada kati yetu wanaofikiri kwamba kujiandaa ni kukosa imani. Wanasema: Mungu atatulinda, kuaga wazazi ni kwa nini, koti ni la nini. Mwingine amefunga siku tatu, hana maji, anapanda jua kali, anaanguka njiani, na wenzake hawajui kama ni roho au ni njaa. Wengine wanakesha bondeni kando ya mto wakati wa masika, kwa sababu pale hakuna upepo.

Tumwangalie Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19. Yeye pia alikwenda mlimani, tena alilala ndani ya pango. Lakini kabla ya safari hiyo ya Horebu, malaika alimwamsha mara mbili ale mkate na anywe maji, kwa sababu njia ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Malaika hakumwambia nabii: wewe ni mtu wa imani, nenda hivyo hivyo. Chakula kilikuja kwanza, mlima baadaye. Na Bwana Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu.

Basi kama Wahindu, ambao hatuna imani moja nao, wamekubali kuandika majina, kupimwa, kutembea kwa kundi na kurudi nyuma mvua ikizidi, sisi tunashindwa nini? Tunaomba vikundi vya maombi vya shule yetu wafikiri juu ya mambo haya matano:

Kwanza, majina ya wote wanaopanda yaandikwe na yaachwe kwa mwalimu wa dini au kwa pasta, pamoja na saa ya kurudi.
Pili, mwenye ugonjwa wa moyo, wa pumu, wa kifafa au wa sukari aombee hapa chini. Mungu wa mlimani njo yule yule wa Kasenga.
Tatu, kila mtu awe na maji, na anayefunga kwa muda mrefu asipande peke yake.
Nne, wakati wa masika tusikeshe bondeni wala kando ya mto, hata kama umekauka.
Tano, kiongozi akisema turudi, turudi wote. Maombi yanaweza kumalizikia nyumbani.

Wazazi wetu wanatukabidhi kwa shule na kwa kanisa, wakitegemea kutuona tena. Ikiwa jina halikuandikwa, hakuna atakayejua jioni kwamba mmoja hakurudi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini nguzo ya barafu inakua kutoka chini kwenda juu?
2. Kuna tofauti gani kati ya Mhindi na Mhindu?
3. Je, kuandika majina kabla ya kupanda mlimani kunapunguza imani? Eleza kwa kutumia 1 Wafalme 19.

Majibu mazuri mletee mwalimu wa dini. Bwana awabariki.